Viatu vya Kuazima kwa Wakili

Mama alikuwa hajawahi kuvaa viatu maishani mwake, na siku aliyoamua kuvaa ndiyo siku ambayo sikutaka kabisa aumie miguu. Tulikuwa tunakwenda Tabora mjini, kwa wakili. Aliazima raba nyeupe za mke wa katekista, akazivaa tangu nyumbani kwetu Kigwa, na tulipofika stesheni alikuwa anachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikamwambia azivue, atazivaa tukifika. Akaniambia nimwondolee kelele, haendi kula kiapo mbele ya serikali akiwa pekupeku.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Dada yangu mkubwa alivuka ziwa na mumewe kwenda upande wa Wabelgiji kutafuta kazi. Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu, maana babu zetu walibeba pembe za ndovu katika njia hiyohiyo. Lakini babu zetu walirudi. Dada alifia huko, na shemeji naye akamfuata baada ya muda mfupi. Waliacha binti mmoja, ndiyo kwanza anaanza kusema. Shemeji alipoona hali yake inakuwa mbaya, alimpeleka mtoto kwa masista wa misheni.

Masista wakaandika barua, padri wetu akatusomea. Mtoto yupo, ni mzima, ila hawawezi kumtoa mpaka bibi yake apeleke hati ya kiapo kwamba yeye ndiye mama mzazi wa marehemu, hati iliyothibitishwa na wakili mwenye mamlaka hayo, na muhuri wake juu. Hati ikichelewa, mtoto atahamishiwa nyumba ya yatima, mbali huko bara. Akishapelekwa huko, nani angemfuata? Padri alikuwa anasafiri jioni ya siku ileile ya kwenda kwa wakili, kwa treni ya Kigoma, avuke ziwa kwa meli. Alisema ataichukua hati mwenyewe, tumkute stesheni ya Tabora. Tukimkosa, basi.

Katekista, ambaye alikuwa shahidi wetu, alitaka Mama aweke dole gumba lake nyumbani kabisa, kwa wino wa shule, ili tusije tukampotezea muda bwana mkubwa. Niliinyakua ile karatasi mkononi mwake kama mtu anayeokoa nguo kwenye moto. Mimi ndiye niliyekwenda mara ya kwanza kuandikiwa hati, kwa kuwa nilikuwa nafundisha watoto wadogo misheni na niliaminiwa kusoma. Wakili alinionya vizuri: anayeapa aweke alama yake mbele ya macho yake yeye wakili, ajue kilichoandikwa, asiwe amesukumwa na mtu, aje na mtu anayemfahamu, cheti cha ubatizo, na barua ya mwanangwa, mkuu wa kijiji. Wengi wanadhani kazi ya watu wale ni kugonga muhuri tu. Kazi yao ni kukutazama mpaka waamini kuwa wewe ni wewe.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi. Jioni za kabla ya safari Mama alibangua karanga, mimi nikasoma mstari, yeye akafuata. Alikuwa mwepesi wa kushika. Lakini kila tulipofika mahali pa kumtaja shemeji kwa jina, alinyamaza, kisha akasema, "Yule." Nikirudia jina, anasema, "Yule, yule. Endelea." Nilijua kwamba kwetu mkwe na mkwe hawatajani majina, wala hawatazamani usoni, ndiyo heshima yenyewe. Lakini kwa Mama niliona ni hasira zaidi kuliko heshima. Shemeji aliahidi kumrudisha dada mvua zikianza. Mvua zikaja, zikapita, zikaja nyingine. Mama hakumsamehe. Alizoea kusema, "Amenilia mtoto wangu," na alisema hivyo hata baada ya habari za msiba kufika.

Ofisi ya wakili ilikuwa mtaa wa Kanyenye, nyuma ya duka la vitambaa. Tuliketi kwenye benchi, Mama kati yetu, raba zimekazwa, jasho linamtoka. Nilisikia treni ikipiga honi huko stesheni, nikadhani ni ya padri, kumbe ilikuwa ya mizigo tu.

Wakili alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, aliyesomea Ulaya. Alimkaribisha Mama kiti, kisha akanigeukia. "Wewe binti, usimsemee. Nataka kumsikia yeye mwenyewe." Mtu anayenijua atakwambia kwamba kuninyamazisha ni adhabu. Nikauma midomo.

Akasoma cheti, akasoma barua ya mwanangwa. Akamuuliza katekista amemfahamu Mama tangu lini. Kisha akafungua bahasha iliyokuja pamoja na ile barua, ambayo masista waliifunga na kuandika juu yake kwamba ni ya ofisi. Ndani mlikuwa na karatasi ya Kifaransa, nakala ya maelezo aliyoyatoa shemeji siku alipompeleka mtoto. Wakili aliisoma polepole. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mama," alisema, "wewe na mkwe wako mlikuwa na ugomvi?"

Mama akaitazama ile karatasi.

"Hapa imeandikwa kwamba aliulizwa jina la bibi wa mtoto, mzaa mama. Akakataa kulitaja. Wakamwuliza tena. Akakataa tena." Aliiweka karatasi mezani. "Siwezi kutia muhuri kama baba wa mtoto hakutaka mtoto aje kwako. Wenzangu wa upande ule watairudisha hati, na mimi nitaonekana mtu wa hovyo."

Katekista akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nachemka. Nilimchukia wakili, nikamchukia shemeji kaburini mwake, nikawaza: hata kufa, amekufa na kinyongo? Mama alikuwa anatazama sakafu. Nilijua anawaza kama mimi, tena kwa uchungu zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kununa. Nje mwanga ulikuwa umeanza kugeuka wa jioni. Nikafungua mdomo kusema, wakili akaninyooshea kidole.

Mara Mama akashtuka. Aliniangalia, akamwangalia katekista, kama mtu aliyeamshwa.

"Angelitajaje?" alisema. "Nyie watu! Mimi ni mkwewe. Angelitajaje?"

Katekista alipiga paja. "Haki ya Mungu," alisema. "Sisi tumekaa hapa kama wageni wa nchi hii."

Wakili akataka aelezwe. Mama akamweleza mwenyewe, bila haraka: kwetu mwanamume hatamki jina la mama wa mkewe, hata akichapwa, hata akiwa anakufa mbele ya Mzungu mwenye kalamu. Wakili alisikiliza akikuna kidevu. "Naelewa," alisema. "Lakini hayo ni maneno yako. Mimi nahitaji kitu cha kushika."

"Basi soma mbele, bwana," Mama alisema. "Hakusema neno jingine?"

Akaichukua tena karatasi. Akasoma huku akitutafsiria, kipande kwa kipande. Baba wa mtoto alisema mtoto apelekwe Kigwa, nyumba ya kwanza ukishavuka reli. Mwenye nyumba ana sauti nzito, huimba akitwanga. Walipomwuliza sura yake ikoje, alisema hajui. Wakili akasita. Kisha akamalizia: alisema mguu wake wa kushoto, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenziwe.

Mama aliinama, akafungua kamba za raba ya kushoto, akaivua. Kidole kile, ambacho ndicho kilichokuwa kinamtesa tangu asubuhi, kilikuwa chekundu, kimevimba, na kimekaa juu ya mwenziwe kama kilivyokaa siku zote. Shemeji aliishi jirani na mama yangu tangu alipooa mpaka alipoondoka, na kila alipokutana naye alitazama chini. Alichokijua ni miguu yake. Nililia bila aibu, na katekista akajifanya anatafuta leso yake.

Wakili alizunguka meza, akatazama, akarudi kuketi. Akatoa Biblia.

"Sasa utaapa," alisema, "na utasema yote yaliyoandikwa, kwa sauti yako. Majina yote. Moja likikosekana, si kiapo."

Nilijua lililokuwa linakuja. Mama alishika kitabu, mguu mmoja una raba na mwingine mtupu. Akasema jina lake. Akasema jina la dada yangu, sauti ikakatika, akaendelea. Kisha akafika kwenye jina la shemeji. Akainamisha uso, akaelekeza macho sakafuni, kama vile yule mkwe amesimama pale mbele yake, akalitamka jina lake lote, la kwao na la ubatizo.

Akaweka dole gumba. Wakili akayeyusha lakiri nyekundu, akagandamiza muhuri, akaandika. Mama alibeba raba mkononi, tukakimbia mpaka stesheni, na tulimkuta padri amekwisha kupanda. Hati aliipokelea dirishani.

Mtoto aliletwa mvua zilipoanza. Alikulia kwetu, mbishi kama mimi, na siku moja akamwuliza bibi yake baba yake aliitwa nani. Mama alikuwa anatwanga, akasimamisha mchi.

"Kamwulize mama yako mdogo," alisema. "Mimi nimelitaja mara moja tu, na nililitaja kwa ajili yako."