Matundu Matano kwenye Chombo cha Maziwa

Ukungu wa kambi ya wakimbizi ya Kashuga bado umelala juu ya vibanda, na Vénantie Umurerwa tayari ana udongo hadi kwenye viwiko. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mbele yake limesimama gunia lililokuwa la maharage, mdomo wake umekunjwa mara mbili, na katikati kuna kopo la mafuta lililokatwa kitako.

Analijaza kopo kokoto. Pembeni anazungushia udongo uliochanganywa na samadi. Kisha analivuta kopo juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo, naye anajaza tena. Nguzo hiyo ndiyo itakayoyapitisha maji hadi chini. Gunia likishajaa anachukua msumari uliokuwa kwenye makaa, anautoboa nao ubavu wa gunia, na katika kila tundu anapandikiza mche wa lengalenga, yaani mchicha.

Jirani yake, Joséphine-Marie, anafika mikono kiunoni.

"Mama Shekinah, ile gunia uliniuzishaka iko inakufa."

"Unamwangaka mayi mara ngapi?"

"Asubuhi, midi, na magaribi."

"Mama, lengalenga haiko samaki!"

Joséphine-Marie anacheka mpaka anajishika ubavu. "Basi mi nilikuwa nangojea ianze kuogelea."

Anaondoka na ushauri wa bure: mara moja kwa siku, na maji ya kuoshea mboga yanatosha. Ndivyo Vénantie anavyofanya kazi. Mwenye umri wa miaka thelathini na nne, aliyekimbia vita kijijini Bihambwe akiwa na watoto watatu na mama mkwe, amefanya kambi nzima ianze kutazama takataka upya. Dumu la plastiki lililopasuka, bido kama wanavyoliita hapa, kwake ni kigoda. Makopo ni taa na vyungu vya maua. Vitambaa vilivyochakaa anavisuka kuwa zulia la kupangusia miguu. Bustani moja ya gunia anaiuza faranga elfu tatu za Kongo, na akipata wateja watano kwa wiki anamshukuru Mungu. Mumewe anabeba mizigo bandarini Bweremana, na hutuma anachopata.

Ametoboa magunia mengi kiasi kwamba hayahesabu tena. Lakini kuna matundu matano anayoyakumbuka moja moja.

Siku waliyokimbia, kila mtu alibeba alichoweza. Vénantie alibeba mtoto mdogo na sufuria. Mama mkwe wake, Mukundwa, mzee wa miaka sabini na moja, hakubeba nguo wala godoro. Alibeba icyansi, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, amekizungushia kitenge kama mtoto mchanga. Alipewa na mama yake siku ya harusi. Kwa zaidi ya miaka hamsini kilikuwa kikifukizwa kwa moshi wa majani makavu ili maziwa yasiharibike, na mti wake ukawa mweusi, unang'aa, unanuka moshi na siagi.

Ng'ombe walibaki Bihambwe. Baadaye ikaja habari kwamba hata Bihambwe hawapo tena, wameporwa. Chombo kikakaa kitupu juu ya kibao, ndani ya kibanda, mahali pa heshima.

Kisha shirika moja la misaada likatangaza mashindano kambini. Atakayetengeneza bustani nzuri zaidi ndani ya chombo ambacho hakukinunua, angepewa jembe, mbegu na arozwari, ndoo ya kumwagilia maji. Wanawake wakaingia jalalani kutafuta. Vénantie alichelewa kusikia. Makopo mazuri yalikuwa yamekwisha, magunia pia.

"Nilikaa mu kibanda nikaangalia pale juu," anasema, sauti yake inashuka. "Macho yangu ilikuwa imezoea. Kila kintu niliona, niliona tu fasi ya kutoboa."

Ilikuwa Jumapili. Mukundwa alikuwa kanisani. Vénantie alipasha msumari moto, akakipindua chombo, akatoboa kitako mara tano. Moja katikati, manne pembeni. Akaweka kokoto, udongo, na vitunguu vya majani. Kijani kile juu ya mti mweusi kilipendeza kupita kiasi. Waamuzi walipita asubuhi ile ile, naye akashinda. Walimpiga picha.

Wakati ule hakufikiri kwamba anaharibu kitu, anasema. Aliona chombo kisicho na kazi, akakipa kazi. Tena chakula kilikuwa kinatoka humo, na watoto wangekula.

Mukundwa aliporudi kutoka kanisani hakuhitaji kuambiwa. Alisimama mlangoni, akanusa. Mti ule ulikuwa na siagi ya miaka hamsini ndani yake, na msumari wa moto ulipopita, siagi ile iliungua. Harufu ilijaa kibanda kizima. Akakiinua chombo pamoja na udongo wake, akapapasa chini, akaingiza kidole katika tundu la katikati. Akakirudisha chini.

Kesho yake Vénantie alipata kikombe cha maziwa kwa wafugaji wanaoshuka mlimani. Akampelekea mama mkwe kama kawaida, kwa mikono miwili. Mzee aligeuza uso.

Ni miezi kumi na moja sasa. Anakula ugali wa Vénantie, anakula maharage yake, anawalea wajukuu. Akimhitaji Vénantie anamtuma mjukuu wake Shekinah. Lakini maziwa kutoka mkono ule hanywi. Joséphine-Marie akimpa, anakunywa. Na katika familia za wafugaji wa milima hii, mtu anayekataa maziwa yako amekuambia kila kitu.

Mukundwa mwenyewe si mkali. Anakaa juani, miguu imenyooshwa, anachambua mahindi. Anapoulizwa kuhusu chombo, anajibu huku akiendelea kuchambua.

"Gunia watoboe. Bido watoboe. Ile ni bintu ya kambi," anasema. "Icyansi njo ilikuwa bado inangojea ngombe. Yeye kutoboa, ni kama alisema ngombe haitarudia tena. Na siye hatutarudia. Mi sikuzeekea kusikia ile neno mu nyumba yangu."

Vénantie aliposikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, kupitia kwa jirani, alikwenda nyuma ya kibanda akang'oa vitunguu vyote. Havikuliwa. Aliomba msamaha akiwa amepiga magoti, mbele ya mchungaji wa kanisa lao. Mzee aliitikia kwa kichwa, na jioni ile maziwa yakabaki kikombeni mpaka yakaganda.

Ndipo akamwendea Hilaire.

Hilaire ni mkulima kutoka misitu ya Walikale, naye mkimbizi, anayechonga vinu na miiko upande wa pili wa kambi. Alikitazama chombo, akakipindua, akapiga mluzi.

"Naweza kuziba na utomvu, mama. Haitavuja hata kidogo."

"Hapana. Ikitobolewa, maziwa hairudie ndani."

"Hata kama haivuji?"

"Hata kama."

Hilaire akakuna kichwa. "Siye bantu ya pori tunachongaka kinu. Maziwa mi naionaka mu chai tu."

Alijaribu kuchonga kipya hata hivyo. Cha kwanza kilitoka kinene, kizito, na Joséphine-Marie alipokiona aliuliza kama ng'ombe atakamuliwa au atatwangwa. Cha pili kilipasuka kwenye jua. Cha tatu alikichonga polepole, kile cha zamani kikiwa mapajani kama kielelezo, akipima unene wa ubavu kwa vidole. Vénantie alimlipa kwa anachojua: bustani mbili za gunia, kigoda cha bido, na zulia kwa ajili ya mkewe. Majuma saba yalipita. Chombo kilipokamilika Vénantie alikifukiza kwa majani makavu kila jioni, mpaka mti mweupe ukaanza kuwa kahawia.

Kilibaki kifuniko. Kifuniko hakichongwi na fundi. Mwanamke wa nyumba ndiye hukisuka, kirefu na kilichochongoka juu. Vénantie hakuwa na majani yanayotakiwa. Akafumua magunia, akachagua nyuzi nyeupe, akasuka kwa siku tisa. Kilitoka kizuri. Kila aliyepita alikisifu.

Jumanne iliyopita alikipeleka kwa Mukundwa, juu ya chombo kipya, akakiweka kwenye mkeka. Mzee alikitoa kifuniko, akakizungusha juani. Akapitisha ukucha kwenye mistari yake.

"Nyuzi ya gunia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Shekinah, aliyezoea kutumwa kupeleka maneno, alisogea karibu kusubiri. Lakini mzee hakumtazama mtoto.

"Fumua yote," alimwambia Vénantie. "Majani iko kule mu bonde, ngambo ya mto. Usikate ya kando ya njia, inakuwaka ngumu. Kata ya ndani. Utaleta hapa, nitakuonyesha fasi ya kuanzia."

Hayo ndiyo yote. Hakukisifu chombo. Hakukigusa tena. Kwa Vénantie yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoelekezewa na mama mkwe wake tangu Jumapili ile.

Sasa ni karibu saa nne. Gunia la mteja limekwisha, na Vénantie ameosha mikono. Pembeni mwake kuna fungu la majani mabichi, limetandazwa kukauka, na magotini kifuniko cheupe anachokifumua mstari kwa mstari. Kile chombo cha zamani hakukitupa. Kimening'inizwa ndani ya kibanda, mdomo chini, na asubuhi mwanga hupita katika matundu matano na kutua ukutani. Anasema hakuna siku ambayo haioni mianga ile.

Mpango wake ni mfupi. Majani yakikauka watasuka, yeye na mzee. Kifuniko kikiisha atawapelekea chombo wafugaji wa mlimani wakamulie humo. Siku barabara ya Bihambwe ikifunguka, kitabebwa na Mukundwa, ndani ya kitenge.

Na maziwa yale ya kwanza?

Vénantie anavuta uzi mmoja mrefu, anauzungushia kidole.

"Sitamuuliza kama atakunywa," anasema. "Nitamushikia tu. Na mikono mbili."