Kaka Otto Aliniletea Asali Ili Nikawashangilie Wapinzani Wake

Siku mbili kabla ya fainali, kaka yangu Otto alivuka mto akiwa na chupa ya asali na tangawizi kubwa kama ngumi.

"Dada, koo linaendeleaje? Sauti imerudi?"

Nikamwambia imerudi nusu.

"Nusu haitoshi. Kunywa hii asubuhi na jioni. Jumapili tunataka tukusikie mpaka kule mlimani."

Sasa tulieni mnielewe.

Otto ni katibu wa Tai wa Gaima, klabu ya kijiji nilikozaliwa. Mimi nimeolewa Kombri, ng'ambo ya huku, na mume wangu Linus ndiye kocha wa Nguruwe Pori wa Kombri. Fainali ilikuwa Tai na Nguruwe Pori.

Yaani mtu ananitibu koo ili nikawazomee vijana wake!

Nililia, jamani. Nikasema kweli, mliyenyonya naye ziwa moja hakutupi.

Naitwa Veronika. Hapa Simbu, nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, Veronika tuko wengi. Lakini ukisema "yule mwenye sauti", hakuna anayeuliza tena ni yupi. Nikiita nguruwe wangu jioni, wa jirani nao wanakuja.

Na raga huku si mchezo wa kupoteza muda. Ni raga ya watu kumi na tatu kwa kumi na tatu, na mtu anaweza kukosa ibada, ila mechi hakosi. Asiye na nafasi kwenye uzio anapanda mti. Mti ukivunjika, anahamia mwingine.

Msimu wetu ulianza vibaya. Vibaya hata kusimulia ni aibu.

Mechi ya kwanza, thelathini kwa sita. Tumepigwa.

Kamati ikakaa. Kamati yetu ina watu kumi na wanne, mmoja zaidi ya timu yenyewe. Wakajadili kutwa nzima, wakatoka na jibu: nyasi zilikuwa ndefu.

Mechi ya pili tukapigwa, nyasi zimekatwa. Kamati ikasema refa ameoa kwa wale wapinzani.

Ya tatu, jezi. Eti ile rangi ya njano inawachosha vijana.

Ya nne, mchungaji akasema kuna mtu anatafuna tambuu kwenye benchi wakati wa sala. Wakakaguana midomo. Yote ilikuwa myekundu kwa tambuu, mchungaji naye akafunga wa kwake.

Tukafika mechi saba bila ushindi. Lawama zikaisha, ikabidi wazirudie zile za mwanzo.

Na mimi? Mimi sikumbakiza mtu. Nilimsema Bomai, winga wetu, kwamba anakimbia kama amebeba kuni. Nilimsema Teine kwamba mikono yake imepakwa mafuta ya nguruwe. Linus ndiye nilimsema kuliko wote, maana alikuwa karibu.

Kila Ijumaa alikuwa akipanga mbinu zake jikoni. Anachukua buni, anazitandaza sakafuni karibu na moto, nyekundu ndio sisi, kijani ndio wao. Mimi namenya viazi vitamu huku natazama. Kufika Jumapili nilikuwa najua kila mpira utakwenda wapi kuliko wachezaji wenyewe.

Nikifika uwanjani nawasaidia kuwakumbusha.

"Teine, upande wa mto! Ule wa kuzunguka!"

"Bomai, sasa hivi mpira wa mguu, jiandae!"

Shabiki wa kweli anashiriki, ndivyo nilivyokuwa najua.

Mwezi wa sita nikashikwa na koo. Sauti ikaenda zake kabisa, ikabaki pumzi tu. Nilihudhuria mechi nimejifunika blanketi, kimya kama gunia.

Timu ikaanza kushinda.

Ikashinda ya kwanza, ikashinda ya pili. Ikashinda sita mfululizo! Watu wakashika vichwa. Tukaponea tundu la sindano, tukaingia nusu fainali, na hiyo nayo tukashinda.

Kamati ikasema ni jezi mpya. Mchungaji akasema ni mfungo. Mwenyekiti akafanya karamu ya kuipongeza kamati, akafukia nguruwe mzima kwenye mawe ya moto. Wachezaji walipofika walikuta mifupa.

Mimi nikasema ni maombi yangu ya kimyakimya.

Basi, Jumapili ya fainali ikafika. Nipo nafunga bilumu yangu, ule mfuko wa kamba, naona gari la Gaima limesimama mlangoni. Otto huyo anateremka na shati limenyooshwa.

"Dada, hutembei kwa miguu leo. Panda mbele."

Linus alikuwa ameshatangulia na timu, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza. Nikapanda.

Uwanjani wakanipa kiti. Watu mia kadhaa wamesimama kwenye tope, Veronika amekaa! Tena mbele kabisa, upande wa Tai, hatua chache kutoka kwenye mstari. Wifi yangu Skolastika, mke wa Otto, akanishikia mwavuli.

"Wifi, upo sawa? Nikupe maji ya tangawizi?"

"Nipo sawa, wifi. Ila mjue nawashangilia Kombri."

"Shangilia, wifi! Nani kakukataza? Tena kwa nguvu!"

Nikasema hawa ndio watu waliostaarabika.

Filimbi ikalia. Nikafungua koo.

Sauti ilikuwa mpya, bwana! Asali ile ilikuwa imefanya kazi. "Teine, kuzunguka!" Teine akazunguka, akakuta Tai wanne wanamsubiri kama wageni wa harusi. "Mguu, mguu!" Mpira ukapigwa, nyuma kule Tai wawili wameshafika, wameupokea bila jasho.

Kufika mapumziko, kumi na mbili bila. Nikawatukana vijana wetu mpaka koo likakumbuka ugonjwa.

Nikainuka nikajisaidie. Njia inapita nyuma ya gari la Otto. Nikasikia sauti yake, anaongea na nahodha wao.

"Mnamsikia vizuri?"

"Vizuri sana, mzee."

"Akisema mguu, wawili warudi nyuma. Akimtaja mtu, mfungeni huyo huyo. Msiangalie mpira, msikilizeni dada yangu."

"Na akinyamaza je?"

Otto akacheka. "Huyo? Namjua tangu hajaota meno. Hanyamazi."

Nikachuchumaa nyuma ya tairi la gari wasinione. 

Zile mechi saba zikapita mbele yangu moja moja. Si nyasi, wala si refa, wala si jezi. Tambuu haikuwa na kosa lolote. Ligi nzima ilikuwa ikinisikiliza mimi, na mimi nilikuwa natangaza kama redio.

Nilirudi kwenye kiti. Ningekwenda wapi? Ningesimama kwa watu wa Kombri niwaambie nini?

Kipindi cha pili nikafunga mdomo. Nyie, kunyamaza ni kazi! Niliuma shuka nililojitanda. Wifi akaniangalia.

"Wifi, mbona kimya?"

Nikaonyesha koo.

Otto akaja mbio na chupa. "Lamba, dada. Lamba kidogo tu."

Huku uwanjani Tai wanazubaa. Wanageuza shingo kunitazama mimi, Nguruwe Pori wanapita. Trai ya kwanza, mpira umewekwa chini ng'ambo ya mstari wao, pointi nne. Trai ya pili, wakaongeza na mkwaju wa mbili. Kumi kwa kumi na mbili.

Zikabaki dakika mbili. Kombri wapo karibu kabisa na mstari wa Tai, wameangushwa mara tano, imebaki nafasi moja. Tai wamejipanga ukuta.

Hapo ndipo nikapata wazo. Mbinu ya mwisho ya Linus niliiona Ijumaa: mpira unakwenda kulia. Basi nikasimama juu ya kiti, nikavuta pumzi ya miaka arobaini na sita.

"KUSHOTO! KUSHOTO KWA TEINEEE!"

Tai wote wakahamia kushoto, wamejaa kama nzi kwenye kidonda.

Tatizo ni kwamba Nguruwe Pori nao wakahamia kushoto. Wote! Teine, nahodha, hata yule mnene wa kusukumana kwenye skram. Refa naye akakimbilia kushoto.

Nikajua nimeiua timu. Msimu mzima vijana wale hawakuwa wakimsikiliza kocha, walikuwa wakinisikiliza mimi!

Akabaki Bomai peke yake. Akauokota mpira nyuma ya aliyeangushwa, akageukia kulia kama walivyopanga, akatembea. Sisemi alikimbia. Alitembea mpaka ng'ambo ya mstari, akauweka mpira chini taratibu, akashangaa mbona hakuna mtu.

Kumi na nne kwa kumi na mbili.

Miti miwili ilivunjika kwa furaha. Otto alisimama na chupa ya asali mkononi kama mtu aliyefiwa.

"Dada," akasema, "umetuua."

"Kaka," nikamjibu, "asali yako ni nzuri."

Kombri walibebana. Mwenyekiti akahutubia, akaishukuru kamati, na jezi. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu na siri yangu imenikaa kifuani kama mfupa.

Asubuhi yake nikashindwa. Linus alikuwa anageuza viazi kwenye majivu. Nikamweleza yote, kuanzia asali mpaka tairi la gari. Nikasubiri anipigie kelele.

Akapuliza kiazi, akakimenya.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Tangu ulipougua. Mechi ya pili tuliyoshinda, nikajua. Fainali ilipokaribia na sauti ikarudi, nikaenda zahanati kuomba pamba. Wakanipa kidogo, ikatosha masikio mawili tu. Nikachagua ya Bomai."



"Linus! Miezi yote hiyo! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara nne, mama. Mara zote nne hukuniacha nikamaliza sentensi."

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaufunga. Akatabasamu, akanikatia nusu ya kiazi.

Ndugu zangu mashabiki, sina elimu ya kuwafundisha. Ila timu yenu ikianza kufungwa, na kijiji kizima kikawa kinamtafuta anayeiharibu, mtazameni kwanza yule anayemtafuta kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwetu alikuwa ni mimi, tena nimesimama juu ya kiti.