Mgongo wa Winchi

Mtaani mume wangu wanamwita Winchi, kwa sababu kila asubuhi anambeba Koplo, mwenzake wa jeshini. Anamtoa kitandani, anampeleka bafuni, kisha anamshusha ngazi hadi kwenye kibanda chake cha kushonea viatu, mbele ya jengo analoishi. Jioni anampandisha. Koplo hana miguu, na hataki mtu mwingine amguse. Majirani wenye nguvu zao wamejitolea, wote kawatimua kwa matusi ya kambini.

Mambo yalianzia vitani. Koplo alikanyaga bomu lililotegwa ardhini, wenzao wakarudi nyuma, na amri ikatoka kwamba asirudi mtu kule. Mume wangu akarudi. Alimbeba mgongoni hadi kwenye handaki huku risasi zikipita, na kipande cha chuma kikamwingia kiunoni, kimo humo mpaka leo. Jeshi lilimpa yeye nishani. Mimi likanipa kiuno cha kukanda.

Wageni wanakipenda kisa hicho. Mimi nimekichoka, Mungu anisamehe. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini waliosema hawakumjua Koplo, na Koplo anakula vizuri.

Juzi daktari alituonyesha picha ya mgongo. Chuma kimesogea karibu na uti, na akiendelea kubeba vizito, ipo siku atainama asiinuke tena. Mume wangu alimshukuru kwa adabu zote. Kulipokucha akavaa viatu aende kwa Koplo.

"Nilimwambia sitamwacha," akanijibu nilipomzuia mlangoni.

"Ulimwambia vitani, baba."

"Sikumwambia mpaka lini."

Basi nikangoja mchana, nikaenda kwa Koplo mwenyewe. Nilimkuta anapaka gundi kwenye soli. Nikamweleza yote, picha na maneno ya daktari, wala sikuyapaka sukari. Aliibana ile soli kwa mikono miwili, muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji. Kisha akaniuliza kama kiuno kinamuuma sana.

"Kinamuuma, shemeji. Kwako anaficha."

Akachukua soli nyingine. Niliondoka nimekasirika, nikijua nimetwanga maji kwenye kinu.

Kesho yake nilimfuata mume wangu kwa nyuma, maana niliogopa zile ngazi. Tulipofika, Koplo alikuwa ameshakaa kibandani. Mchomelea vyuma wa jirani ndiye aliyemwogesha na kumshusha, naye alikuwa bado anahema pembeni. Shati la Koplo lilifungwa vifungo kombo. Aliinamisha uso kwa aibu, mtu yule ambaye sijawahi kumwona akimwonea haya yeyote.

Mume wangu akamuuliza kwa ukali ni nani aliyemruhusu yule kijana amguse.

"Mimi," Koplo akasema. Kisha akainua macho. "Tumeshafika, ndugu yangu. Nitue."

Mume wangu alisimama pale mikono ikining'inia, hajui aipeleke wapi. Nilimwonea huruma kuliko siku zote nilizomkanda. Mwishowe akavuta kigoda, akakaa taratibu, huku kiuno kikimkumbusha umri. Koplo akampa kiatu amshikie, naye akakishika.

Mimi nikarudi nyumbani. Nililia njia nzima, kisha nikapanda kitandani mchana kweupe, nikalala.