Nilivyomhamisha Dini Mkulima wa Kwenye Theluji

Shangazi alikuwa amemkataa mchumba wangu kwa sababu moja tu: ni Mlutheri, na sisi ni Wakatoliki. Baba alishafariki, na kwetu Muleba posa haisogei bila neno la shangazi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilimpenda yule fundi simu wa Miembeni, Bukoba, kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu.

Ndipo nikaja na hila ya kitabu. Kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya zamani za farasi na taa za mafuta: mkulima mjane wa nchi ya theluji, Mprotestanti mcha Mungu, anampenda mwalimu wa shule na hamshiki hata mkono mpaka ukurasa wa mia mbili. Kila Jumamosi nilipanda gari kutoka Bukoba, nikaketi jikoni kwa Shangazi, yeye akimenya ndizi, mimi nikimsomea kwa Kiswahili. Nilitaka ampende Mprotestanti mmoja kwanza, hata wa kwenye karatasi.

Sura ya pili tu akanisimamisha. “Huyu ni wa ukoo gani? Na muziro wao ni nini?”

Nikamwambia Wazungu hawana ukoo wala mnyama wa mwiko.

“Kila mtu ana ukoo. Asiyetaja anaficha jambo. Je, kama yeye na huyo mwalimu ni ndugu?”

Kwa kutaka yaishe, nikampa ukoo wetu. Hilo ndilo kosa langu. Kuanzia hapo mkulima akawa mtoto wetu, na sisi hatuli pongo. Sura ya saba akaenda msituni akaua mnyama mwenye pembe, ndugu kabisa wa pongo, awalishe wageni. Ikabidi nimgeuze sungura. Sungura yule mmoja akalisha watu tisa, na Shangazi akasema huo ni muujiza.

Lakini mtoto wa ukoo akiwa Mprotestanti ni msiba. Alhamisi Shangazi akampeleka kwenye jumuiya ndogo ndogo, akaomba aombewe mwana wetu aliyepotelea ugenini kwenye theluji. Akina mama wakamsalia fungu zima la rozari. Mmoja akauliza kama posta inafika huko, kwa kuwa alikuwa na sweta.

“Shangazi, ni kitabu,” nilisema. Nilikuwa nimekasirika sasa.

“Najua ni kitabu. Na mwana mpotevu yuko wapi, si kitabuni? Mbona tunamhurumia kila Kwaresima?”

Jumamosi mbili zikapita hataki kusikia habari za harusi ya mkulima, anauliza tu kama ameshakwenda kwa padre. Hata ndizi alizimenya kwa hasira. Nikaona akimchukia huyu, wangu ndio basi tena. Basi, sura ya mwisho, kitabuni mkulima akiwa amesimama na kofia mkononi katika kanisa lake, anaimba wimbo wake wa Kiprotestanti, mimi nikasoma kwamba alitembea kwenye theluji ya magotini mpaka kwa padre, akapiga magoti, akapokewa. Nilisoma bila kupepesa macho. Niliona aibu, lakini niliendelea.

Shangazi akaweka kisu chini, akafanya ishara ya msalaba, akacheka kwa furaha kama msichana. Nami nikafurahi, nikajua sasa moyo umelainika. Nikamtaja mchumba wangu.

“Ndiyo,” akasema, “nilikuwa namfikiria huyohuyo. Waitu, mwanangu, kama yule wa kwenye theluji aliweza, huyu wa Miembeni, anayeweza kufika kwa padre kabla chai haijapoa, ana udhuru gani?”

Akakichukua kitabu mapajani mwangu, akakifuta unga kwa khanga yake, akanirudishia kwa mikono miwili.

“Mpelekee. Asome mwenyewe mwisho wake, halafu aje aniambie alichojifunza. Atakalosema yeye ndilo nitakalolifuata.”

Mchumba wangu anasoma Kiingereza vizuri sana.