Anayefuata Mapacha

Eustadia wa Chemchem hakuwahi kusubiri chai ipoe. Aliinywa ikifuka mvuke, akaungua ulimi, kisha akailaumu chai. Kazi yake ilikuwa kuuza asali, na asali haipendi kuharakishwa: unaimimina kwenye kitambaa, unakwenda zako, unarudi kesho. Yeye aliipasha moto ishuke upesi. Wateja wake mjini Tabora waliijua asali yake kwa weusi, wakamtania kwamba nyuki wake wanafanya kazi jikoni. Mumewe Justus, fundi seremala mwenye maneno machache, alisema ni damu ya wapagazi. Babu wa babu yake Eustadia alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na miguu ile haijatulia mpaka leo.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa jambo la kusubiri kuliko yote. Miaka ya ndoa ilipita na mtoto hakuja. Dada yake Justus akawahurumia, akawapa Masele, mwanawe wa kiume, akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, ulikuwa udugu tu. Wakamlea, wakamsomesha, akamwita Eustadia mama. Alipomaliza darasa la saba, dada mtu alifika kutoka Urambo, akasema tumbaku imeiva na yeye hana mikono ya kutosha. Akaondoka naye kama mtu aliyekuja kuchukua jembe lake. Cha kuazima hakisitiri matako, majirani walisema, na Eustadia aliwachukia kwa sababu walisema kweli. Akaapa kwamba akipata mtoto mwingine atakuwa wa mahakama, mtoto ambaye hakuna atakayekuja kubisha hodi kumdai.

Njia za kumpata zilikuwa mbili. Ya kwanza aliletewa mlangoni. Mwanamke mmoja mnunuzi wa asali alimnong'oneza kwamba yuko binti anayekaribia kujifungua, hamtaki mtoto. Ukimpa kitu cha asante unaondoka na kichanga siku hiyo hiyo, na cheti cha kuzaliwa kinaandikwa jina lako. Eustadia alirudi nyumbani anakimbia. Alikuwa ameshaanza kukata nepi kichwani.

"Leo utatoa asante," Justus alisema bila kuacha kupiga randa. "Mwakani atakuja kudai asante nyingine. Mtoto akifika darasa la tano atadai nyingine, safari hiyo mtoto mwenyewe anasikia. Hiyo ndiyo bei nafuu?"

"Angalau hatusubiri."

"Utasubiri, Eustadia. Utakuwa unamsubiri huyo mama kila siku mpaka ufe."

Alinuna, lakini yule mnunuzi wa asali hakumrudia tena. Ndipo wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa aliyewapokea aliitwa Anselm, kijana wa Songea, mpole, mwenye tabia ya kukuna shingo kila anapolazimika kusema jambo lisilopendeza. Siku hiyo alijikuna sana. Serikali haiuzi mtoto, alisema, kwa hiyo mtoto hana bei. Bei ipo njiani: wakili wa kuandika maombi, vipimo vya afya, picha, nauli za kwenda na kurudi, na chumba cha mtoto chenye dirisha, maana nyumba itakaguliwa. Tena si haraka. Kwanza ndugu watafutwe na wakose kupatikana. Kisha mtoto akae kwao kwa malezi ya kambo, si chini ya miezi sita. Baada ya hapo ndipo Mahakama Kuu iamue kama wanaweza kumuasili, yaani awe mtoto wao kisheria.

Waliporudi, jirani aliyesikia neno hilo kwa mara ya kwanza alimuuliza kwa wasiwasi, "Mama, kwani unataka kuasi nini?" Eustadia alicheka mpaka akashika mbavu. Hakucheka tena kwa muda mrefu.

Justus aliuza mbao zake za mninga, zile alizozikausha miaka kadhaa kwa ajili ya milango ya nyumba yao wenyewe. Aliziuza kimya kimya, akakata dirisha kwenye chumba cha uani. Eustadia yeye alilipa kwa moyo. Kila simu ilipolia aliacha kinachochemka kikaungua. Alimpigia Anselm akiwa na sababu, na akampigia akiwa hana. Aliyemwambia subira huvuta heri alijibiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, tena kwa sauti ya kumtoa mtu nje.

Hatimaye wakaitwa kituo cha watoto pale mjini. Mlezi wa zamu, dada mmoja wa Bukoba aitwaye Flavia, aliwaletea mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, mwenye mashavu ya kujaa. Kituoni walimwita Consolatha. Jina lake hasa hawakulijua. Mama yake alikuwa ameanguka stendi ya Nzega, mtoto yuko ubavuni, akafariki hospitalini siku ile ile bila kutamka neno. Hakuwa na simu wala kitambulisho. Halmashauri ikamzika, mtoto akaletwa Tabora. Tangazo lilisomwa redioni na makanisani: mtoto wa kike, jina halijulikani. Hakuna aliyejitokeza.

"Alikuja na neno moja tu mdomoni," Flavia alisema. "Anajipiga kifuani, anasema 'sija, sija.' Tukajua maskini anasema sijala. Basi kila akisema tunampa uji. Unadhani mashavu haya yametoka wapi?"

Wote walicheka, Eustadia akiwemo. Mtoto naye alicheka, akajipiga kifua, akasema "sija," na uji ukaletwa. Eustadia alimpenda pale pale, kabla kikombe hakijaisha.

Malezi ya kambo yalianza kiangazi. Mtoto alilala kwenye chumba chenye dirisha, akamfuata Eustadia kama kifaranga, akalamba kila mwiko wa asali ulioachwa wazi. Miezi ikaenda. Wakili akaandika maombi, mahakama ikatoa tarehe, mwezi uliofuata. Eustadia hakuwa na raha hata hivyo. Alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa, na kila pikipiki iliyosimama karibu na nyumba ilimtoa nje kuchungulia. Bado kidogo, alijiambia. Karatasi moja tu.

Asubuhi moja alikuwa anapanga chupa zake uani. Mtoto, ambaye sasa ulimi wake ulikuwa umekunjuka na maneno yanatoka wazi, alijichukulia chupa tatu tupu akazisimamisha mchangani. Akaigusa ya kwanza. "Kulwa." Akaigusa ya pili. "Doto." Ya tatu aliikumbatia kifuani.

"Shija," alisema. "Mimi."

Eustadia alikaa chini pale pale, juu ya kifuniko cha ndoo.

Mtu wa Bukoba hawezi kujua, wala wa Songea. Lakini Mnyamwezi gani asiyejua? Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa nyuma yao ni Shija. Mtoto hakuwa akisema sijala hata siku moja. Alikuwa akiwaambia jina lake, na wao wakamziba mdomo kwa uji. Na jina lile lilikuwa linasema jambo jingine: kwamba mahali fulani wako mapacha wawili wakubwa wake, na mtu anayewalea. Ndugu wapo.

Siku zile alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alimbeba mtoto mgongoni akashika njia ya zamani ya Kwihara, waliyopita wapagazi, akaenda mpaka miguu ikamuuma, akarudi bila kujua alikwenda kufanya nini. Njia nzima alijitetea. Shija huweza kuwa jina la kurithi la bibi au babu. Kulwa na Doto huenda ni watoto wa jirani. Ndugu walitangaziwa, hawakuja. Kosa ni la nani? Na mbao za Justus je? Na Masele je, Eustadia hajatoa vya kutosha? Alikuwa na hasira na mama aliyekufa, na mapacha ambao hajawaona, na ulimi wa mtoto kwa kukunjuka kabla ya tarehe ya mahakama.

Angeweza kunyamaza. Naamini angenyamaza, kama mtoto mwenyewe asingemuuliza siku moja, akivalishwa gauni, "Mama, Kulwa atakuja lini?"

"Kesho," Eustadia alisema, kama watu wazima wanavyosema.

Kesho yake mtoto alibeba kigoda chake akakiweka mlangoni. Alikaa hapo tangu chai. Aliitwa kula, akakataa. Kila aliyepita barabarani, mtoto alimtazama usoni, kisha akamwachia apite. Eustadia alimwona mara ya kwanza, akaona ya pili, na ya tatu hakuvumilia. Kusubiri alikujua yeye kuliko mtu yeyote Tabora nzima, na hakuna mtu aliyewahi kumsubirisha kwa makusudi, kama yeye alivyomsubirisha mtoto huyu. Alifunga kitenge, akamwacha mtoto kwa Justus, akaenda ustawi.

"Shikamoo, mama," Anselm alisema kwa furaha. "Bado kidogo tu, eh?"

"Marahaba. Mwanangu, yule mtoto haitwi Consolatha. Anaitwa Shija."

"Jina zuri! Tutamwambia wakili aliongeze."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Amesema, hakueleweka, angeweza kwenda nyumbani akiwa na dhamiri safi. Hata aliinuka, akashika mkoba. Kisha akakaa tena.

"Hujanielewa. Kwetu Shija ni anayefuata mapacha. Huyu ana Kulwa wake na Doto wake, anawataja. Wako mahali, na yuko mtu anayewapikia."

Anselm alijikuna shingo. "Mama, unajua unachosema? Nikianza kutafuta upya, shauri linasimama. Na wakipatikana—"

"Najua! Andika kabla sijabadili mawazo."

Justus alipoambiwa aliiweka randa yake chini. "Ungeniuliza," alisema.

"Ningekuuliza ungenikataza."

"Nisingekukataza. Ndiyo maana ungeniuliza."

Kazi iliyoshindikana mwaka mzima, jina liliimaliza kwa siku chache. Anselm alipiga simu kwa watendaji wa kata za Nzega, akaulizia mapacha walioachwa na mama aliyeondoka na mdogo wao Shija. Lusu wakajibu: wapo, wako kwa bibi yao. Mtendaji wa huko akampelekea bibi habari, kwa furaha yake mwenyewe, kwamba mjukuu wake amepatikana Tabora. Hakuongeza neno lingine.

Bibi alifika Chemchem akisindikizwa na Anselm, kuku jike kwapani, mapacha wawili wa kike nyuma yake. Eustadia alipiga magoti kumpokea.

"Mwangaluka, mayu," alisema, kwa salamu ya kwao.

"Mwangaluka, mwanangu. Inuka. Aliyenitunzia mtu wangu hanipigii magoti."

Eustadia alikuwa amejiandaa kwa vita. Maneno aliyatunga wiki nzima, na la kwanza lilimtoka kabla hajainuka vizuri. "Mlikuwa wapi, mama? Mwaka mzima!"

Bibi hakukasirika. "Tulijua yuko na mama yake. Nani anatafuta mtoto aliye na mama yake? Niligombana na binti yangu Kabula, nikamtolea maneno mabaya, akachukua mdogo akaenda kutafuta kazi Kahama. Nikipiga simu haipatikani. Nikasema, bado ana hasira. Sasa nimekuja kuwachukua wangu wote wawili. Kitanda nimeshakitandika."

Wote wawili. Eustadia alimtazama Anselm, na Anselm akatikisa kichwa polepole: hajaambiwa.

Mgeni wa safari ndefu haambiwi msiba na njaa yake. Anawa kwanza, anakula, anapumzika, ndipo anaambiwa. Eustadia aliingia jikoni, na yeye ambaye hakuwahi kusubiri chungu, alizivuta kuni nyuma ili moto upungue. Aliomba maji yasichemke. Aliusonga ugali mpaka mkono ukamuuma. Kule uani Doto alitoa ulimi, Shija aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akatoa wa kwake, na baada ya hapo ikawa ni kukimbizana na kelele tu. Eustadia alizisikia kelele zile akalia, akajiambia ni moshi.

Chakula kililiwa. Bibi alikula vizuri, akausifia mlenda, akanawa, akajifuta mikono kwenye kitenge. Kisha akakielekea chumba cha uani, kile chenye dirisha, akapaza sauti ya utani.

"Haya, mwiteni Kabula. Najua yumo humo, ananionea aibu. Mwambieni mama yake hana hasira tena."

Justus alitoka nje. Anselm aliinama akatazama viatu vyake. Mtoto, aliyekuwa amechoka kukimbia, alikuwa amekuja kulala kwenye mapaja ya Eustadia, jasho kichwani, kidole mdomoni.

Eustadia alimnyanyua. Alisogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusana na ya bibi, akamlaza mtoto mikononi mwa yule mzee, akangoja mpaka alipoona amemshika sawasawa.

"Mama," alisema, "aliyebaki ni huyu."