Siku Bibi Alipoinywesha Redio

Enzi zetu, kuunganisha chombo nyumbani ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Siku hizi naona wajukuu wanaleta mashine ya gemu, wanauliza nywila ya intaneti, wanabonyeza mara tatu, na kabla chai haijapoa wameshaanza kupigana bunduki na mtoto wa Brazili. Mtandao ukikatika dakika moja wanaona dunia nzima imewaonea. Mmoja anatupa kidude chake kwenye kochi, mwingine anamnunia mama yake kana kwamba ndiye aliyeukata. Mimi nawaangalia na kucheka kimoyomoyo. Sisi tuliosoma Rujewa miaka ya sabini, chombo chetu cha kutuunganisha na ulimwengu kilikuwa redio, nayo ilitaka waya, mianzi, jua na maji.

Wa rika langu wanajua ninachosema. Redio yetu ilikuwa ya mbao, imefunikwa kitambaa cha rangi ya ugoro upande wa mbele, na juu yake Mama alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Betri zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika juani juu ya ungo, jioni zikarudi na nguvu za kutosha taarifa ya habari. Na ole wako ulale kabla ya taarifa ya habari, maana kesho yake mwalimu alitaka uisimulie mbele ya darasa, na fimbo ilikuwa mezani inasikiliza.

Nyuma ya redio zilitoka nyaya mbili. Mmoja ulipanda juu, ukatandazwa kati ya mianzi miwili mirefu, huo tuliuita erio. Shangazi mmoja aliyepita kututembelea aliwahi kuanika kanga zake juu yake, na siku hiyo redio ilituletea lugha ambayo hadi leo sijajua ni ya nchi gani. Waya wa pili ulishuka ukutani, ukatoka nje, ukafungwa kwenye kipande cha nondo kilichozikwa ardhini. Fundi alimwambia Baba kwamba udongo wa pale ukiwa na unyevunyevu, sauti inakuja safi. Sasa nanyi mnalijua bonde letu la Usangu wakati wa kiangazi. Ardhi inapasuka mpaka unaweza kupoteza goroli ndani ya ufa. Basi kila siku lazima mmoja wetu amwage maji pale kwenye nondo.

Kazi hiyo tuliiita kuinywesha redio. Sijui nani alianza kusema hivyo, lakini Baba mwenyewe alilizoea neno. Alirudi kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba, akakaa kwenye kiti chake na kuuliza kabla hata ya kuvua viatu, "Redio imekunywa?" Tunajibu kwa pamoja, "Imekunywa, Baba." Ikianza kukoroma katikati ya taarifa alitutazama mmoja mmoja. "Imekauka koo hiyo. Mmeipunja."

Tulikuwa watoto watatu, mimi ndiye mkubwa, nina miaka kumi. Mwaka huo Mama aliugua. Tumbo lilivimba upande mmoja, akawa hawezi hata kuinama kufagia. Hospitali ya Mbeya walimtazama, wakampa rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Alipanda basi alfajiri akiwa amejifunga mashuka mawili. Hatukuambiwa atakaa muda gani, na sidhani kama Baba alijua. Ndipo Bibi, mama yake Baba, alipokuja kutoka Kalenga kutulea.

Bibi yangu jamani! Alishuka kwenye basi na kuku wawili, mfuko wa ulezi na malalamiko juu ya joto letu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, mengine yote aliyamaliza kwa Kihehe na kwa mikono. Lakini alijua kupika kambale wakaiva bila kuvunjika, na alijua mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa kumkumbuka mama yake. Wa pili hakumwuliza kitu, alimweka tu karibu yake na kumpa karanga za kumenya. Nilizimenya nyingi mwaka ule.

Wiki zikapita bila habari. Kisha ikaja barua ya Mama, ameandikiwa na muuguzi. Mama alisema amepasuliwa, lakini hakusema kama amepona. Alisema watu wa redio wamepita wodini na kinasa sauti kuchukua salamu za wagonjwa, na salamu zake zitasikika Jumapili ijayo saa tisa alasiri. Baba aliisoma ile barua mara tatu, halafu akatoka nje akaenda kukaza kamba za mianzi, ingawa hazikuwa zimelegea. Nilijua anachokiogopa, kwa sababu hata mimi nilikiogopa. Barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Tulitaka kusikia sauti yake, tujue kama ni ya mtu atakayerudi.

Wiki hiyo redio ilitunzwa kuliko mfalme. Betri zilianikwa siku tatu mfululizo. Pale kwenye nondo tulimwaga maji mpaka pakawa tope na vyura wakahamia. Lakini Jumamosi jioni Baba alipoijaribu ilikoroma vibaya. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kukata tamaa, "Koo limekauka kabisa. Kesho ikiamka hivi hatumsikii. Mtu aikumbuke, ainyweshe mapema."

Bibi alikuwa mlangoni, anapepeta mchele. Alisikia.

Jumapili sisi tulikwenda kanisani, Baba akapita mashineni kuazima waya mwingine. Bibi alibaki peke yake na mgonjwa, maana ndivyo alivyoiona redio. Na kwao Kalenga, mgonjwa wa koo hapewi maji ya mtungini yaliyo baridi. Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe kidogo, akayaonja kwa kidole. Kisha akaondoa kitambaa cha Mama, akakikunja vizuri, akaiinamisha redio, na kuimiminia kikombe kizima kupitia matundu ya nyuma. Polepole, ili isipaliwe.

Tulirudi tukamkuta ameketi karibu nayo, mkono juu ya mbao, anasubiri ipate nafuu. "Imekunywa yote," akatuambia. Alikuwa na furaha.

Baba aliingia nyuma yetu. Aliona maji yakidondoka kwenye meza, akaona kikombe. Nilifumba macho, maana nilijua mtu wa kupigwa ni mimi, mkubwa wa nyumba, niliyeondoka bila kuinywesha. Nilipofumbua alikuwa ameshika bisibisi, anafungua mfuniko wa nyuma. Tukatoa vilivyotoka, tukavianika kwenye ungo kandokando ya betri, tukapepea kwa kawa. Saa nane tukarudisha, tukawasha. Hata kukoroma haikukoroma.

Hapo ndipo Bibi alipoelewa. Aliondoka, akaenda kukaa nyuma ya jiko, kanga usoni. Baba alimfuata. Mtu mzima yule, ambaye kule mashineni vijana walinyamaza akipita, alipiga magoti kwenye majivu mbele ya mama yake.

"Mama, hukukosea. Sisi ndio tuliosema inywe."

"Nilitaka apate sauti," Bibi akasema. "Nimemziba mdomo mke wako."

"Simama, Mama. Twende."

Tulifuatana kwenye vumbi la mtaa, Bibi katikati kashikwa mikono huku na huku, hadi dukani kwa Mzee Shomari. Huyu wazazi wake walitoka pwani, na redio yake ilitumia betri ya gari, haikujua kiu. Barazani vijana walikuwa wamejazana wakisubiri mpira utangazwe katika idhaa nyingine, na saa tisa ilikuwa inagonga. Baba alieleza kwa maneno machache, kofia mkononi. Kuna kijana akaguna, "Sasa na mpira je?"

Mzee Shomari alishageuza kitufe cha redio. "Mpira mtaambiwa matokeo. Mke wa mtu anazungumza leo. Bibi, karibu ndani, mama yangu, kaa hapa kwenye mkeka. Nanyi huko nje, nisisikie hata anayekohoa."

Wale vijana, nawashukuru hadi leo, walivua kofia zao.

Walipita wagonjwa wengi kwanza. Wa Tabora, wa Lindi, mzee mmoja wa Same aliyewataja ng'ombe wake kabla ya wake zake. Kisha akaja yeye. Alitaja jina lake, akasema yuko wodini, amepasuliwa na anaendelea vizuri, jana ametembea mpaka dirishani. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile iliyokuwa ikituita tukaoge. Alimsalimu Baba, akatutaja sisi watatu kwa majina, akaniambia nisimpige mdogo wangu. Rujewa nzima ikajua tabia yangu. Mwisho akamsalimu Bibi kwa Kihehe, "Mama, kamwene."

Halafu kimya. Redio haikusema kitu. Kwa mbali alisikika mgonjwa anakohoa. Nilidhani imeharibika hata ya Mzee Shomari.

Lakini Bibi alikuwa ameshapiga goti kwenye mkeka. "Kamwene, mwanangu," akaitikia, taratibu, kama mtu aliyekutana naye njiani kisimani. "Kamwene."

Ndipo mgonjwa mwingine akaanza kuongea, mwanamume wa Singida. Bibi hakumjali. Aliendelea kuieleza redio, "Ile yenu nimeiua mimi. Lakini watoto wanakula." Baraza lote lilicheka, na Baba alicheka huku machozi yanachora mistari kwenye vumbi la pumba. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia. Nilimshukuru Mungu pale pale, kwa sauti, bila kungoja kanisa.

Redio yetu haikuamka tena. Tukawa tunasikiliza kwa Mzee Shomari, na hadi leo sijui kama tungekuwa na watu wengi wanaotupenda kiasi kile kama yetu isingekufa. Mama alirudi wakati wa mavuno, amekonda, ana kovu, mzima. Aliishi miaka mingi, akawaona na wajukuu.

Sasa hivi simu yangu imejaa salamu. Asubuhi njema, usiku mwema, maua yanayometameta, mikono inayopiga makofi. Nikiziitikia, mtumaji ameshapita, yuko kwa wengine hamsini. Vijana wananipa shikamoo huku wanatoka mlangoni, marahaba yangu inabaki na kochi. Siwalaumu. Wameunganishwa na watu wengi mno, wangefanyaje? Sisi tulikuwa na nafasi ndogo tu, na tuliikalia tayari wiki nzima.

Siku aliyorudi, tulimsimulia Mama habari ya ule ukimya, jinsi tulivyodhani redio imekatika. Akashangaa. Hakikukatika kitu, alisema. Watu wa redio walikuwa na haraka, na yeye alipomaliza tu, kijana mwenye kinasa sauti akaanza kuondoa kipaza sauti apeleke kitanda cha pili. Mama akamshika mkono.

"Nilimwambia, ngoja kidogo, baba. Mama mkwe wangu anaitikia."