Shahada ya Watu wa Mataifa

Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya upili mjini Eldoret, miaka ile ya chama kimoja ambapo hata chumbani mwa walimu, kabla ya kutaja siasa, unaangalia kwanza nani amejificha nyuma ya gazeti. Vyuo vikuu viwili vilikuwa vimenikubali kwa shahada ya pili. Kimoja kilikuwa Nairobi, nisomee ualimu zaidi. Kingine kilikuwa ng'ambo, nisomee uhusiano wa kimataifa. Mwalimu mkuu alinishauri kwa sauti ya chini: chukua ualimu, hayo mengine yananuka siasa. Mimi kichwa changu ni kigumu tangu utotoni, ushauri wake uliniongezea hamu tu. Lakini bila baraka ya mama nisingepanda ndege, na hilo silionei haya. Baba alikuwa amekwisha kufa, mimi ndiye kifungua mimba, na mama alikuwa akilisimamia peke yake shamba letu huko karibu na Soy.

Jumamosi moja nikaenda nyumbani. Nilimkuta akipukuchua mahindi, nikakaa nikapukuchua naye, nikamweleza. Aliposikia ualimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliposikia kimataifa, mikono ikasimama.

"Mataifa?"

"Ndiyo, mama. Uhusiano wa mataifa."

"Mtoto nimebatiza mwenyewe, anaenda kusomea uhusiano na watu ya mataifa?"

Nilicheka, na hapo ndipo nilipoharibu. Kanisa letu lilikuwa na wenyeji na watu waliohamia kutoka mkoa wa Central, kwa hivyo mahubiri yalikuwa kwa Kiswahili, na katika Kiswahili cha kanisa lile mataifa si nchi. Mtu wa mataifa ni yule asiyemjua Mungu, yule anayetambikia mizimu na kulala mtaroni amelewa siku ya Krismasi. Kumbe muda wote huo nazunguka na neno lile mdomoni nikijiona msomi, na mama anasikia kwamba binti yake anaenda kufanya urafiki na wapagani, tena atapewa na cheti.

Nikajaribu kurekebisha. Nilipanga Kenya na Uganda kwa punje za mahindi juu ya gunia, nikamwonyesha jinsi nchi zinavyokosana na jinsi watu wengine wanavyokaa katikati kuzipatanisha. Alinisikiliza kwa adabu, kama anayemsikiliza mtu wa bima aliyepita nyumbani.

"Na hao watu, wanaomba?" akauliza.

"Wengine wanaomba. Wengine hawaombi."

"Basi ni mataifa," akasema, akachukua gunzi lingine.

Nilirudi mjini nimenuna. Baadaye nikasikia kwamba akina mama wa kanisa wanafunga na kuomba kwa ajili yangu, nikajua kwisha mimi. Akina mama wale hawakuwa wakikaa na njaa kwa mchezo. Nilianza kujizoesha wazo la Nairobi, nikijiambia ualimu nao ni kazi ya heshima, na roho ilikuwa inauma kweli.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama alinivuta nyuma ya kanisa, kwenye miti ya blugamu. Akauliza chuo gani kiko mbali zaidi. Nikamwambia ni kile cha ng'ambo.

"Enda hicho."

Nilifikiri amekosea. Nikaanza kumweleza tena kwamba siendi kuhubiri, ni masomo tu.

"Nimesikia. Ulieleza mpaka ukamaliza," akasema. "Sasa unisikie mimi. Hata mimi nilizaliwa mtu wa mataifa. Babu yako alikufa hivyo. Yule mzungu wa misheni alitukuta tukiwa wasichana, akatufundisha kusoma. Tulikuwa tunamcheka, hata kukalia kigoda hajui. Alikufa hapa hapa, tukamzika. Wiki hii nikiwa na hiyo njaa ya kufunga, nimefikiria kitu sijawahi kufikiria. Huyo mtu alikuwa na mama."

Habari za wamishonari nilikuwa nimezifundisha mara nyingi, wema wao na ubaya wao, na mama wa yule mzungu hakuwahi kunijia akilini. Mama yangu, ambaye hajawahi kufika hata Nairobi, alikuwa ameshinda na njaa akimlilia. Nilimtazama nikamwogopa, jinsi mtu anavyoogopa akisimama ukingoni juu ya Bonde la Kerio.

"Mama yake alimwachilia," mama akasema. "Mimi ni nani nikukatalie? Lakini huyo mzungu hakurudi kwao. Wewe urudi."

Akatazama huku na huku kama kuna mtu anayetuona. Halafu akafungua vifungo vya juu vya sweta yangu, akanitemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee wa zamani, ile aliyokuwa ametukataza tangu tukiwa watoto kwa sababu ni mambo ya mataifa.